Kihariri kimefungwa, kazi bado inaendelea: Jinsi ya kusimamisha programu zilizojificha

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huamini kwamba dirisha likishafungwa, kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yake nayo imekwisha. Imani hiyo si sahihi nyakati zote, na wakati mwingine hugharimu fedha za watu ambao hawajawahi hata kuigusa kompyuta yenyewe.

Tatizo hilo hujitokeza zaidi kwa wanaotumia vihariri, yaani programu za kuandikia matini na maelekezo ya kompyuta, kama vile Notepad++, Sublime Text, Visual Studio Code, Vim na Emacs. Vihariri hivyo humwezesha mwandishi wa programu kuandika maelekezo na kuyaendesha papo hapo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kitufe kingine huwekwa kwa ajili ya kuyasimamisha.

Kasoro ipo kwenye kitufe hicho cha pili. Mara nyingi mtumiaji hukibonyeza, kihariri kikaonyesha kwamba kazi imesimama, kumbe programu iliyoanzishwa bado inaendelea nyuma ya pazia. Huendelea kula kumbukumbu ya kompyuta, kuzuia mafaili yasifunguke, na wakati mwingine kuandika juu ya kazi mpya ambayo mtumiaji anadhani ameirekebisha.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, namna ya kuitambua na hatua za kuchukua bila kuharibu kumbukumbu zilizomo.

Mfano wa orodha ya malipo

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, chukulia mfano wa karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kata ya Ziwani, mkoani Mtwara. Ni msimu wa korosho. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani humo mwaka 2007, korosho za mkulima hupimwa na kukusanywa ghalani, huuzwa kwa mnada, na malipo hufuata baadaye kwa kuzingatia kilo alizoandikiwa mkulima huyo, baada ya kutoa makato yaliyokubaliwa.

Kijana mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta amemwandikia karani huyo programu ndogo kwa lugha ya Python. Kila baada ya dakika moja, programu hiyo husoma faili la mizani, hupiga hesabu ya kila mkulima na kuandika upya orodha ya malipo. Kijana ameiandika na kuiendesha kutoka ndani ya kihariri.

Siku mbili kabla ya orodha kupelekwa benki, inagundulika kwamba kiwango cha makato kilichowekwa kimezidi kwa shilingi 10 kwa kila kilo. Kijana anabonyeza kitufe cha kusimamisha, anasahihisha namba na kuendesha programu upya. Orodha inatoka ikiwa sahihi. Karani anaridhika na kwenda kunywa chai.

Anaporudi, makato ya zamani yamerejea kwenye orodha. Kijana anaangalia maelekezo aliyoyaandika, anakuta namba ni ile ile aliyoisahihisha. Anaendesha tena, orodha inakuwa sahihi kwa muda mfupi, kisha inaharibika. Hapo ndipo watu huanza kulaumu virusi, umeme au mashine kuukuu.

Ukweli ni kwamba kuna nakala mbili za programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Nakala ya kwanza, yenye kiwango cha zamani, haikufa ilipoamriwa kusimama. Kila dakika inaamka na kuandika hesabu zake juu ya hesabu mpya. Orodha itakayopelekwa benki itategemea ni nakala ipi iliyoandika mwisho.

Kwa mkulima mwenye kilo 300, tofauti ya shilingi 10 kwa kilo ni shilingi 3,000. Kwa wakulima 200 wenye wastani huo, ni shilingi 600,000. Namba hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha kwamba kosa linaloonekana dogo kwenye kioo cha kompyuta linaweza kuishia mfukoni mwa mtu aliyeko shambani.

Mzazi, mtoto na yatima

Kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta huitwa mchakato, na kila mchakato hupewa namba yake. Mchakato mmoja unaweza kuanzisha mwingine. Ule ulioanzisha huitwa mzazi na ule ulioanzishwa huitwa mtoto. Mpangilio huu ulishika mizizi katika mfumo wa Unix, uliobuniwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara ya Bell nchini Marekani, na unaendelea kutumika katika Linux. Windows nayo ina mpangilio unaofanana na huo ingawa sheria zake ni tofauti.

Kihariri kinapoendesha programu, aghalabu hakiianzishi moja kwa moja. Huita kwanza programu ya kupokea amri, ambayo katika Windows ni cmd.exe na katika Linux mara nyingi ni bash. Hiyo ndiyo inayoianzisha programu iliyokusudiwa. Hivyo kuna ngazi tatu: kihariri juu, mpokea amri katikati na programu yenyewe chini.

Mpangilio huo unafanana na wa ghala la korosho. Msimamizi mkuu hasemi na vibarua. Husema na mnyapara, na mnyapara ndiye anayewapanga vibarua kupakia magunia. Msimamizi akimwambia mnyapara arudi nyumbani, na mnyapara akaondoka bila kuwaambia vibarua, magunia yataendelea kupakiwa.

Ndivyo inavyokuwa kwenye kompyuta. Kitufe cha kusimamisha kikimwondoa mpokea amri peke yake, programu ya chini inabaki bila mzazi. Mchakato wa namna hiyo huitwa yatima. Katika Linux, kwa kawaida yatima huchukuliwa na mchakato namba 1, ambao ndio wa kwanza kuanzishwa kompyuta inapowashwa. Katika Windows, yatima hubaki bila mlezi na kuendelea na kazi yake kama kawaida. Kwa vyovyote vile, kihariri hakina tena habari zake.

Jambo hili linafahamika vyema kwa watengenezaji wa vihariri. Katika Sublime Text 3, maelekezo yanayohusika na kuendesha kazi yana maelezo ya wazi kwamba katika Windows kuua cmd.exe peke yake humwacha mtoto akiendelea. Kwa sababu hiyo watengenezaji wake waliweka amri inayoua ukoo mzima, badala ya kumwondoa mzazi pekee. Hata hivyo si kila kihariri, wala si kila kiongezo kinachopachikwa kwenye kihariri, kina uangalifu huo.

Sababu nyingine nne

Yatima ndiye chanzo kikubwa, lakini si pekee. Sababu ya pili ni programu kukataa ombi la kusimama. Katika Linux, kusimamisha mchakato ni kuupelekea ishara. Ishara namba 2 ndiyo hutumwa mtumiaji anapobonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Ishara namba 15 ni ombi la kistaarabu la kumaliza kazi. Zote mbili zinaweza kusikika zikapuuzwa, ama kwa sababu mwandishi wa programu aliamua hivyo au kwa sababu aliandika maelekezo ya kunasa makosa yote bila kubagua, hata ombi la kusimama likahesabiwa kuwa kosa la kuvukwa.

Ishara namba 9 ni tofauti. Hiyo haiombi. Mfumo wenyewe huuondoa mchakato bila kuupa nafasi ya kufunga mafaili au kuaga.

Sababu ya tatu ni mchakato kusubiri kifaa. Mtu akichomoa diski ndogo ya kubebea mafaili wakati programu inaiandikia, au mtandao unaounganisha diski ya mbali ukikatika, mchakato unaweza kukwama ndani ya mfumo ukingoja jibu lisilokuja. Katika Linux hali hiyo huonyeshwa kwa herufi D. Mchakato ulio katika hali hiyo kwa kawaida hauondoki hata kwa ishara namba 9 mpaka kifaa kirudi au kompyuta iwashwe upya.

Sababu ya nne ni mchakato ambao umekwisha kufa lakini jina lake halijafutwa kwenye daftari. Mfumo huuonyesha kwa herufi Z, yaani zombi. Huo hauli kumbukumbu wala haufanyi kazi yoyote. Unasubiri mzazi wake asome taarifa ya kifo. Kuupiga tena ni kazi bure kwa kuwa hakuna anayepigwa. Dawa yake ni kumfunga mzazi, na jina litafutwa.

Sababu ya tano ni kwamba baadhi ya programu hubaki kwa makusudi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. OpenOffice ya miaka hiyo ilikuwa na sehemu ndogo iliyokaa tayari kwenye kumbukumbu ya Windows ili programu ifunguke haraka siku inapohitajika. Mtumiaji aliyefunga madirisha yote bado aliikuta kwenye orodha ya michakato. Hilo halikuwa kosa, bali ni chaguo lililoweza kuzimwa.

Hata leo vihariri vya kisasa huanzisha wasaidizi kadhaa wa kukagua lugha ya programu, kutafuta mafaili na kupakua maboresho. Kwa mtumiaji anayenunua kifurushi cha intaneti kwa siku, msaidizi asiyejulikana anaweza kumaliza kifurushi kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo kabla ya kuua chochote, ni muhimu kujua kilichobaki ni nini.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni feni ya kompyuta kuendelea kuvuma na betri kwisha haraka ilhali hakuna kinachoonekana kufanyika.

Dalili ya pili ni faili kukataa kufunguka, kufutwa au kubadilishwa jina, kwa maelezo kwamba linatumika na programu nyingine. Watumiaji wa Microsoft Word wanaifahamu sana hali hii. Word huweka faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza na alama ~$, kuonyesha kwamba waraka umefunguliwa. Mchakato wa Word ukibaki nyuma ya pazia, alama hiyo nayo hubaki.

Dalili ya tatu huwapata wanaojifunza kutengeneza tovuti. Wanapoendesha programu kwa mara ya pili, kompyuta huwaambia kwamba mlango wa mtandao, kwa mfano namba 8000, tayari unatumika. Anayeutumia ni nakala ya awali ambayo haikufa.

Dalili ya nne ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni ile ya orodha ya Ziwani: masahihisho yanaonekana kufanya kazi, kisha matokeo ya zamani yanarudi yenyewe.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kazi zote zilizo wazi na kunakili faili la takwimu mahali pengine, kwenye folda tofauti au diski nyingine. Kuua mchakato uliokuwa katikati ya kuandika kunaweza kuacha faili nusu.

Hatua ya pili ni kuomba kabla ya kulazimisha. Kama programu inaendeshwa ndani ya dirisha la amri, bonyeza Ctrl na C. Kama kuna kitufe cha kusimamisha, kitumike mara moja, kisha subiri walau sekunde 10. Kubonyeza mara nyingi mfululizo hakuongezi kasi. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya tatu ni kuhakiki. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha tazama orodha ndefu ya michakato badala ya ile fupi ya programu zilizo wazi. Orodha hiyo inaweza kuongezewa safu inayoonyesha amri iliyotumika kuanzisha kila mchakato, na hapo jina la faili lililoendeshwa huonekana. Kama python.exe ziko mbili wakati programu iliyoanzishwa ni moja, ni sababu ya kutosha kuitazama safu hiyo kwa makini.

Anayetaka kuona ukoo mzima, nani ni mzazi wa nani, anaweza kutumia Process Explorer. Programu hiyo hutolewa bure, na imetokana na kazi ya Mark Russinovich na wenzake wa Sysinternals, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Katika Linux, amri ya pstree -p huonyesha ukoo pamoja na namba za michakato, na ps -ef huonyesha amri kamili zilizotumika.

Kama tatizo ni mlango wa mtandao, amri ya netstat -ano katika Windows huonyesha namba ya mchakato unaoshikilia kila mlango. Katika Linux, ss -ltnp hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya nne ni kuondoa ukoo, na hapa mpangilio una maana. Tuseme mpokea amri ana namba 4312. Katika Windows, amri ya taskkill /PID 4312 /T humwomba yeye na watoto wake wote wasimame. Michakato isiyo na dirisha mara nyingi hukataa ombi hilo, na kompyuta hujibu kwamba inahitaji nguvu. Hapo ndipo huongezwa /F, yaani taskkill /PID 4312 /T /F.

Kosa la kawaida ni kumuua mzazi kwanza peke yake, kisha kutaka kuwatafuta watoto kupitia kwake. Mzazi akishaondoka, amri ya kuondoa ukoo haina tena pa kuanzia, na kila mtoto itabidi atafutwe kwa namba yake. Ni sawa na kumfukuza mnyapara halafu kuhitaji orodha ya vibarua aliyokuwa nayo mfukoni.

Katika Linux, amri ya kill 4312 hutuma ishara namba 15. Isiposikika baada ya muda wa kutosha, hufuata kill -9 4312. Kama mpokea amri na watoto wake wamewekwa katika kundi moja lenye namba hiyo, kundi zima linaweza kupelekewa ishara kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya namba: kill -TERM -- -4312.

Hatua ya tano ni kuhakiki tena. Fungua orodha upya na uhakikishe kwamba mchakato haupo. Kisha subiri muda unaozidi mzunguko wa programu. Kwa ile inayoamka kila dakika moja, subiri dakika mbili na utazame kama tarehe na saa ya faili la matokeo imebadilika. Faili likitulia, hakuna anayeliandikia.

Hatua ya sita ni kuondoa mabaki. Faili la alama ya Word linaweza kufutwa ikiwa mchakato wa Word haupo tena na hakuna mtu mwingine katika ofisi aliyeufungua waraka huo kupitia mtandao. Kulifuta wakati mwenzako anaendelea kuandika ni kukaribisha nakala mbili zinazopingana.

Hatua ya mwisho, ikiwa yote yameshindikana, ni kuwasha kompyuta upya kwa utaratibu wake. Kuchomoa waya wa umeme si njia ya kusimamisha mchakato. Pamoja na mchakato unaokusudiwa, hukatisha kila uandishi mwingine uliokuwa ukiendelea kwenye diski.

Kama tatizo linajirudia

Mtu anayelazimika kufuata hatua hizo kila siku anapaswa kutafuta chanzo. Jaribio la kwanza ni kuendesha programu ile ile nje ya kihariri, kwenye dirisha la amri la kawaida. Ikisimama vizuri kwa Ctrl na C, kosa liko kwenye kihariri au kiongezo chake. Isiposimama, kosa liko ndani ya programu yenyewe.

Kosa likiwa upande wa kihariri, viongezo vizimwe vyote na kuwashwa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Mipangilio ya kuendesha kazi nayo ikaguliwe. Vihariri vingi huruhusu kuita programu moja kwa moja bila kupitia kwa mpokea amri, na kwa njia hiyo mnyapara anaondolewa kati. Kwa wanaotumia bash, kuweka neno exec mbele ya amri ya mwisho, kwa mfano exec python3 malipo.py, hufanya mpokea amri ajigeuze kuwa programu yenyewe. Hapo ishara ya kusimama humfikia mhusika bila kupotea njiani.

Baadhi ya vihariri vina tahadhari nzuri. Emacs, kilichoanza mwaka 1976, humuuliza mtumiaji anapotaka kufunga ilhali kuna michakato inayoendelea. Vim, ambacho kimekuwa na dirisha la amri ndani yake tangu toleo la 8.1 la mwaka 2018, hukataa kulifunga dirisha hilo kama kazi bado ipo, mpaka mtumiaji asisitize. Maswali hayo huwaudhi wengi, lakini ni afadhali kuyasoma kabla ya kubonyeza ndiyo.

Kosa likiwa ndani ya programu, mwandishi wake ana mambo manne ya kufanya. Kwanza, maelekezo ya kunasa makosa yataje makosa yanayotarajiwa, yasinase kila kitu pamoja na ombi la kusimama.

Pili, programu iandike namba ya mchakato wake katika faili dogo inapoanza, na ikatae kuendelea ikikuta nakala nyingine yenye namba hiyo bado inafanya kazi. Kwa utaratibu huo nakala mbili haziwezi kugombania orodha moja.

Tatu, matokeo yaandikwe kwanza kwenye faili la muda, kisha faili hilo ndilo libadilishwe jina na kuchukua nafasi ya lile la zamani. Programu ikiuawa katikati ya kuandika, orodha ya awali inabaki salama.

Nne, kila orodha iandikwe juu yake saa iliyotengenezwa, namba ya mchakato na kiwango kilichotumika katika hesabu. Mistari mitatu hiyo haigharimu chochote. Kwa karani wa Ziwani, ingetosha kuonyesha ndani ya dakika moja kwamba orodha iliyorudi na makato ya zamani iliandikwa na mchakato mwingine.

Mwisho ni mtu, si mashine

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Hata hivyo hesabu za vyama vya ushirika, matokeo ya wanafunzi, mishahara ya vibarua na kadi za wagonjwa sasa hupita katika programu ndogo ndogo zinazoandikwa na vijana katika ofisi za kawaida, wengi wao wakitumia kompyuta moja inayogombaniwa na watu watatu. Mmoja akiacha mchakato unaendelea, anayeketi baada yake hurithi tatizo asilolijua.

Kwa sababu hiyo, ofisi inayotumia programu ya namna hii inafaa iwe na utaratibu mfupi ulioandikwa na kubandikwa ukutani: hifadhi nakala, omba kusimama, hakiki orodha ya michakato, subiri mzunguko mmoja upite, kisha chapisha. Karani hahitaji kujua lugha ya Python ili kufuata hatua hizo tano.

Na kabla ya orodha kuondoka ofisini kwenda benki, kuna kipimo kimoja kisichohitaji kompyuta kabisa. Chagua wakulima watatu, chukua stakabadhi zao za mizani, piga hesabu kwa kalamu na ulinganishe na kilichochapishwa. Jibu likitofautiana, orodha ibaki mezani mpaka ijulikane ni nani aliyeiandika mwisho.